Jembe la Mtani

Barua ya Ukuta ilimfikia Kadii siku ya pili ya matanga, wanawake wakiwa wanapepeta mchele wa wageni. Ilikuwa na muhuri. Watu wa Ukuta, kile kikundi cha vijana wa njia panda, walipenda mihuri kupita kiasi. Walikuwa na wa buluu kwa barua za kawaida na mwekundu kwa barua za kufukuza watu, na hii ilikuwa na mwekundu. Purity, kitinda mimba wa Kadii, aliisoma kimyakimya, kisha akaisoma kwa sauti kwa sababu mamake alimkazia macho. Ilisema marehemu Mwenda, mume wa Kadii, hakuwa mtu wa Pwani, na mgeni akifa hurudishwa kwao. Ilisema ardhi ya mababu haitapokea mifupa ya watu wa bara. Atakayechimba kaburi, atakayebeba jeneza na atakayeonekana kwenye matanga hayo atahesabiwa msaliti.

Kadii alikuwa mkekani, miguu kainyoosha, leso kajifunga kifuani. Aliuliza ni nani aliyeileta. Akaambiwa ni kijana wa bodaboda ambaye hata pikipiki hakuizima. Akauliza sahihi ni ya nani.

"Ya Kiponda," Purity akasema. "Mwenyekiti."

Nyungo zikanyamaza. Hakuna aliyeaga kwa ubaya, la. Mmoja alikumbuka mtoto ana homa, mwingine mbuzi kamfunga juani, wa tatu hakukumbuka kitu ila aliinuka tu. Kufika adhuhuri mchele ulikuwa umebaki nusu una mawe, na waliobaki kuupepeta walikuwa Kadii, binti yake na bibi mmoja kiziwi ambaye habari za barua hakuzisikia. Mchungaji naye alituma ujumbe kwa simu: kanisa linaungana na familia katika maombi, ila Jumamosi yeye ana semina Mombasa.

Mwenda alifika sehemu hizi za barabara ya Marafa miaka thelathini na mmoja iliyopita, kutoka Meru, kuja kutengeneza injini moja ya kusagia mahindi. Injini ikamchukua wiki mbili na Kadii akamchukua maisha yote. Alikufa akikisema Kigiriama vizuri kuliko wanawe, na hasa akitukana. Huko Meru ndugu wa mwisho aliyemjua kwa sura alikuwa kaburini tangu mwaka wa korona. Mashine yake ya njia panda ilisaga mahindi ya kila nyumba, zikiwemo nyumba za hao vijana wa Ukuta, na wengine wao aliwabeba begani walipokuwa wadogo wakiletwa na mama zao kusaga.

Na hao Ukuta, tuseme kweli, hawakuanza kwa uongo. Walianza kwa machungu ambayo kila mtu huku anayajua: watu wanazaliwa, wanazeeka na kufa kwenye ardhi isiyo na hati, halafu siku moja anatokea mwenye makaratasi, na nyuma yake tingatinga. Vijana walikaa njia panda wakalisema hilo, na walikuwa na haki ya kulisema. Kisha akaja mtu akawanunulia fulana. Akaja mwingine akawapa ofisi. Machungu yaliyokuwa ya mwenye tingatinga yakateremshwa polepole kwa muuza mboga Mkamba, kwa mwalimu Mkikuyu, kwa Mbajuni mwenye duka Mambrui, na sasa kwa maiti ya fundi wa mashine. Mwenye tingatinga mwenyewe hawakumgusa. Uchaguzi ulipokaribia, hakukuwa na mwanasiasa aliyesimama wadi hiyo bila kupita kwao kwanza, kapiga magoti au kakaribia kupiga.

*

Kibali cha kuzika hutolewa na naibu wa chifu. Kadii alimkuta Bwana Baya barazani kwake, fomu ziko mezani, kalamu mfukoni. Walisoma darasa moja zamani. Baya alimpa pole ndefu sana, ikazunguka, ikarudi, na mwisho wa pole hiyo akasema yeye angeandika hata sasa hivi, ila kwanza apate neno kutoka kwa vijana.

Kadii alimuuliza serikali ni yeye au ni vijana. Baya akatazama kalamu yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ana watoto wanaosoma, na kiti chake hicho kimekaliwa na watu wanne kwa miaka miwili.

Basi akaenda kwa vijana. Ofisi ya Ukuta ilikuwa bucha zamani, kulabu za nyama bado zimening'inia darini. Alizuiwa mlangoni akaambiwa avue viatu, ati sakafu imepigwa deki. Akavua. Akaambiwa asubiri. Akasubiri wima tangu saa nne hadi saa saba, viatu mkononi, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfiwa, huku vijana waliozidiwa umri na watoto wake wakipita mbele yake na chupa za soda. Hakuna aliyemwamkia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kusimama.

Alipoitwa ndani alimkuta Kiponda nyuma ya meza, na pembeni yake, kwenye kiti kizuri, Owen Chengo aliyekuwa akiwania kiti cha wadi, akinywa dafu kwa mrija. Owen aliinuka nusu akampa mkono wa pole. Ndiye aliyeanza kusema, na alisema vizuri, maana kusema ndiyo kazi yake. Yeye binafsi hana tatizo na mzee. Mzee alikuwa mtu wa watu. Ila mama naye aelewe hali ilivyo. Yeye atatoa gari la kubeba mwili hadi Meru, jeneza la mninga, na basi dogo la familia, yote juu yake. Mama hatatoa hata shilingi.

"Nikifika Meru namkabidhi nani?" Kadii akauliza.

"Watu wa kwao, mama."

"Kwao ni kwangu."

Kiponda akacheka kidogo. Alikuwa kijana mzuri wa uso, Kiponda, na hakuwa mjinga. Akasema shida si mzee, shida ni kaburi. Kaburi ni hati. Leo Mwenda amelala pale, kesho mwanao Kaingu anasema hapa ndipo alipozikwa babangu, kesho kutwa wajukuu. Hivyo ndivyo Pwani ilivyoliwa.

"Kaingu ni mjukuu wa babangu Dena," Kadii akasema. "Shamba lile Dena alinipa mimi. Babako alikuwepo."

"Kaingu ni nusu," Kiponda akasema. "Mama, usinikasirikie. Sisi hatuna chuki na mtu. Sisi tunalinda mila."

Kadii alimtazama. Alitazama muhuri mezani, na zile kulabu, na dafu la mheshimiwa. Kisha akainama akavaa viatu vyake palepale ndani, juu ya ile sakafu iliyopigwa deki, akafunga kamba ya kulia, akafunga ya kushoto, bila haraka. Akatoka bila kuaga.

Mila! Alitembea na neno hilo hadi nyumbani likimchoma. Alipofika kwenye minazi ya babake alisimama, akalirudia tena kinywani, na safari hii lilikuwa na ladha nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alihisi anaweza kula.

*

Kaingu alitaka gari lichukuliwe. Alisema hivyo mbele ya dadake, bila kumtazama mama. Alikuwa mwoga siku hiyo na alijijua, na ni vigumu kumlaumu. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba na jioni iliyopita mtu alikuwa amechora alama nyekundu mlangoni pa mashine. Alisema baba ameshakufa, hatajua amelala wapi. Walio hai ndio watakaochomewa nyumba.

"Na mimi nikifa?" Kadii akamuuliza. "Nitazikwa hapa peke yangu, babako kule, tuandikiane barua? Na wewe utasema kwenu ni wapi, Kaingu? Ukimbeba babako kwa gari la Owen, umekubali kwa mkono wako mwenyewe kwamba wewe ni nusu. Siku ile watakayokuja kukutoa wewe, hawatahitaji barua."

Kaingu akaondoka kwenda kutazama mashine. Lakini hakumpigia simu Owen.

Mtu wa kwanza kuja kwa miguu yake baada ya hapo alikuwa Muzammil wa Mambrui, ambaye kwa miaka mingi pikapu yake ilibeba unga wa Mwenda kwenda kwenye maduka. Alivua kofia akakaa mkekani. Alikuwa amesikia kuwa wenye magari ya maiti Malindi wote wamekataa. Alisema Jumamosi asubuhi atakuwa mlangoni pa chumba cha maiti, na pikapu ataiosha kwanza. Kadii alimtahadharisha kuhusu barua. Muzammil akasema wazee wake walitoka visiwani miaka mia na kitu iliyopita na bado juzi kaitwa mgeni dukani kwake mwenyewe. Wakimaliza na watu wa bara, foleni inamfuata yeye, basi afadhali waanze kuzoea sura yake.

Gari lilikuwa limepatikana. Kilichobaki kilikuwa kaburi na mtu wa kulichimba.

Hapo msomaji aelewe jambo moja. Mbari ya Kadii na mbari ya kina Kiponda ni watani, tangu huko nyuma ambako hakuna anayekumbuka. Watani hutukanana hadharani na hakuna kukasirika; na msiba ukiingia kwa mmoja, mwingine ndiye mchimba kaburi. Haombwi. Analetewa jembe, linalazwa miguuni pake mbele za watu, mpini ukimwelekea, naye analiokota. Akimaliza kaburi, hutumbukia ndani na kukaa kitako, akaropoka matusi juu ya marehemu mpaka wafiwa wacheke bila kupenda, na hatoki mpaka alipwe jogoo. Mzee Dena alipofariki, babake Kiponda ndiye aliyekaa kaburini, na mkwe Mwenda ndiye aliyekwenda kumkimbiza jogoo uwanjani, mtu wa bara na suruali yake ya grisi, hadi akamkamata. Watu walicheka siku ile hadi wakalia upya. Kukataa jembe hakukuwa na adhabu iliyotajwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukataa. Kilichojulikana ni kwamba akataaye, siku yake ikifika hakuna atakayemchimbia.

Kadii aliingia ghalani akalitoa jembe la babake. Alilisugua kwa majivu, akalizungushia leso.

*

Ijumaa alasiri Ukuta walikuwa na mkutano uwanja wa mpira. Owen Chengo angekabidhiwa ngao, na akikabidhiwa ngao kiti ni chake, uchaguzi ukawe wa kutimiza desturi tu. Kulikuwa na hema, vipaza sauti, wazee watatu waliovalishwa vitambaa vipya, na kikundi cha wanawake wa kucheza waliogawiwa fulana za Ukuta juu ya leso zao. Naibu wa chifu alikuwa safu ya pili.

Kadii alipita katikati. Mwanzo walidhani amechelewa, anatafuta kiti. Vijana wawili wa ulinzi walimwona ni mfiwa, leso nyeusi kichwani, wakasita, na kusita huko kukamtosha. Alifika mbele ya jukwaa ambako Kiponda alikuwa amesimama na kipaza sauti, akafungua leso, akalilaza jembe chini, mpini ukimwelekea yeye.

Kelele zilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Mtani," Kadii akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Nimefiwa. Mbari ya Dena imefiwa. Nimekuletea jembe."

Kiponda alitazama chini, akatazama watu. Akasema utani ni wa wenyewe, hauwahusu wageni.

"Sikukuita umlilie Mwenda. Nimekuita uwachimbie wafiwa, na mfiwa ni mimi. Mimi ni mgeni? Sema hapa, mbele ya hao wazee. Jana uliniambia unalinda mila. Mila hiyo hapo chini, iokote."

Wazee watatu waligundua kuwa kuna kitu cha kutazama kwa mbali. Owen Chengo akanyoosha mkono akachukua kipaza sauti, akasema mambo ya familia tutayazungumza kifamilia, sasa hivi tuendelee na ratiba, kina mama hebu wimbo. Kina mama hawakuimba. Kiponda alisimama vilevile, mikono nyuma, na jembe likabaki chini.

Aliyesogea alikuwa Mbeyu, mamake Kiponda. Alikuwa safu ya mbele ya wachezaji, mwanamke mnene, mjane, mwenye goti bovu. Alikuja akichechemea mpaka mbele, akasimama kando ya Kadii, akaivua ile fulana kwa kuipitisha kichwani, ikakwama, akaivuta kwa hasira, akaitundika kwenye kona ya jukwaa. Kisha akainama kwa shida akaliokota jembe.

"Mwenda alikuwa mwizi," akasema kwa sauti kubwa. "Kila debe langu la mahindi alilipunja unga wa vitumbua. Nitamchimbia shimo fupi, miguu ibaki nje, mbwa wamnuse."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Kisha wengine. Kicheko kile kilipita uwanja mzima, cha watu waliokuwa wameogopa wiki nzima bila kujua wamechoka kiasi gani. Kadii alicheka pia, machozi yakimtiririka, akamjibu mtani wake kama inavyopasa, kwamba unga wenyewe ulikuwa na fukusi.

"Mama," Kiponda akasema, akishusha sauti. "Liweke chini. Unaniaibisha."

"Babako alichimba kaburi la Dena," Mbeyu akasema. "Na langu nitachimbiwa na nani, Kiponda? Na muhuri?"

Akaliweka jembe begani. Wakaondoka pamoja, yeye na Kadii, kwa mwendo wa lile goti, na kabla hawajafika barabarani wanawake sita wa kile kikundi walikuwa nyuma yao.

*

Jumamosi alfajiri walichimba. Ardhi ya pale ina mawe chini ya futi mbili, na wanawake walibadilishana zamu, leso zimefungwa viunoni, huku Mbeyu akitoa amri zaidi ya kuchimba. Kulipopambazuka vizuri Kaingu alitoka ndani na mtaimbo. Mamake alisogea akampa nafasi, na mawe makubwa aliyang'oa yeye.

Saa nne pikapu ya Muzammil iliingia, inang'aa, na jeneza la mwembe limefunikwa shuka nyeupe. Nyuma yake kwa mbali wakaja Ukuta: pikipiki kumi na kitu, na nyuma ya pikipiki gari la Owen Chengo, vioo vimefungwa. Waliosimama uani walikuwa kama watu arobaini. Walikuwa wachache kuliko ambavyo Mwenda alistahili, lakini juzi walikuwa watatu.

Kiponda alishuka akaja mbele ya vijana wake. Purity alishika mkono wa mamake. Kadii aliuachia, akaenda kusimama ukingoni mwa kaburi.

"Barua mliipata," Kiponda akasema. "Shimo hili linafukiwa sasa hivi."

"Lifukie," Kadii akasema. "Lina mtu."

Kiponda akasogea akachungulia. Mbeyu alikuwa amekaa kitako chini kabisa, miguu kainyoosha, leso imejaa vumbi, anakula kipande cha muhogo.

"Karibu, mwenyekiti," akasema kutoka chini. "Anza na miguu. Goti hili limenichosha."

Vijana walikuwa na majembe na mapanga. Mmoja alichungulia, akarudi nyuma, akamnong'oneza mwenziwe. Huyo naye akachungulia. Kila mmoja wao alikuwa na mama, na wengine mama zao walikuwa papo hapo uani, mikono imejaa udongo, wanawatazama. Pikipiki moja iliwashwa. Ikafuata ya pili. Hakuna aliyewafukuza na hakuna aliyewaaga. Gari la Owen Chengo liligeuza kwa shida kwenye ile njia nyembamba, likarudi lilikotoka, kioo hakikuteremshwa. Na karibu saa hiyohiyo akafika mjumbe wa naibu wa chifu, anahema, kashika kibali cha kuzika kilichoandikwa tarehe ya Jumatano, ati kilichelewa njiani.

Kiponda alibaki peke yake.

"Mtani hatoki bure," Mbeyu akasema. "Jogoo wangu yuko wapi?"

Kadii mwenyewe alikwenda kumkamata. Alimkimbiza kuzunguka ghala, mjane wa siku sita, viatu vikimvuka, na watu wakacheka kama walivyocheka zamani. Alipomleta, Mbeyu akainua mikono atolewe.

Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa mwanawe. Kiponda akainama akanyoosha mkono. Mbeyu aliutazama mkono ule kwa muda, mkono aliouzaa, na wote waliokuwa hapo waliona jinsi kuukataa kulivyomgharimu.

"Kaingu," akasema. "Mwanangu, nitoe humu."

Kaingu akamvuta juu. Mkono wa Kiponda ukabaki hewani kidogo, kisha akaurudisha mfukoni. Jeneza likateremshwa. Bila mchungaji, Purity ndiye aliyesoma zaburi, na Muzammil alisimama kando kainamisha kichwa.

Zilipokwisha sala, Kadii aliliokota jembe la babake akalilaza miguuni pa Kiponda, mpini ukimwelekea.

"Kuchimba kumekwisha," akamwambia. "Kufukia bado."

Alingoja. Watu wote walingoja. Kiponda alilitazama lile jembe, na kwa muda ilionekana kana kwamba atainama. Kisha akageuka. Hakuthubutu kuliruka, alilizunguka kwa kupita kwenye muhogo, akashika njia ya barabarani kwa miguu, kwa sababu pikipiki aliyokuja nayo ilikuwa imeondoka na mwenyewe.

Kadii hakumwita. Aliliokota jembe, akatia udongo wa kwanza.